Gitaa linaniumiza vidole: je, ninunue nyuzi nyembamba?

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mama wa miaka 56, mwalimu niliyestaafu kwa hiari, naishi Tanga. Kijana wangu alipokwenda masomoni aliniachia gitaa kavu kubwa, nami nimeanza kujifunza ili niongoze nyimbo za jumuiya pale nyumbani. Napiga kwa vidole, situmii piki, na sauti yangu ya kuimba ni ya chini. Baada ya robo saa tu ncha za vidole vya kushoto huwa zinawaka moto, na kodi ya F hainitoki kabisa. Pakiti ya nyuzi iliyobaki kwenye mfuko wa gitaa imeandikwa 12–53, phosphor bronze. Muuzaji dukani amenishauri nichukue namba 10 kwa kuwa ni laini, lakini mwanakwaya mwenzangu anasema nyuzi nyembamba zitaliua gitaa sauti. Je, zipo nyuzi zenye mkazo mdogo ambazo hazitaniumiza na bado zitanipa sauti nene?

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi kwamba umetaja namba za kwenye pakiti, aina ya upigaji wako na hata sauti yako ya kuimba, kwa maana wengi huniuliza swali hili kwa sentensi moja na nikabaki kubahatisha. Nyuzi unazoziulizia zipo, na nitazieleza. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza maumivu yako, hasa hilo la kodi ya F (kodi ni kundi la sauti zinazopigwa kwa pamoja), nina wasiwasi kwamba nyuzi zinasingiziwa kosa ambalo si lao peke yao. Niruhusu nianzie hapo, kwa sababu ukinunua seti mpya kabla ya kulipima gitaa unaweza kutumia fedha na bado ukabaki na vidole vinavyowaka.

Kidole kinapobana uzi hakihisi mkazo wake tu. Kinahisi pia umbali ambao uzi unapaswa kushuka ndipo uguse freti, yaani kile kijiti cha chuma kilichokata shingo, na umbali huo ndio unaoitwa na mafundi kimo cha nyuzi. Kimo hicho huamuliwa na vitu viwili: kizingiti, yaani kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kilichopo mahali shingo inapokutana na kichwa, na mfupa mwembamba uliosimama juu ya daraja, yaani kile kibao cha kwenye ubao wa mbele kinachoshika miisho ya nyuzi. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani vizingiti vikiwa juu kupita kiasi, kwa kuwa mfereji wa uzi ukichongwa kina kidogo mno fundi anaweza kuuongeza, lakini ukichongwa kupita kiasi mara nyingi hubidi kubadilisha kizingiti kizima. Kiwanda huchagua kosa lililo rahisi kwake, na anayelipa ni mwanafunzi.

Chukua hesabu ya uzi wako wa kwanza. Namba 12 maana yake uzi huo una unene wa inchi 0.012, yaani milimita 0.30 hivi, na ukikazwa hadi E ya kawaida kwenye gitaa lenye urefu wa kawaida huvuta kilo 10.6 hivi. Kutoka kwenye kizingiti hadi freti ya kwanza ni milimita 36. Ikiwa uzi umeinuka nusu milimita juu ya freti hiyo, unahitaji nguvu ya gramu 150 hivi kuufanya uguse. Ukiwa umeinuka milimita moja kamili, unahitaji gramu 300. Sasa tuseme unamfuata muuzaji na kuweka namba 10, ambayo huvuta kilo 7.3 hivi, lakini kizingiti ukakiacha vilevile kikiwa juu: utahitaji gramu 200 hivi. Kwa maneno mengine, nyuzi nyembamba juu ya kizingiti kibaya bado ni ngumu kuliko hizo ulizo nazo juu ya kizingiti kilichochongwa sawasawa. Na kodi ya F (hii kodi ya gitaa, si ile ya TRA) inataka ulaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita palepale kwenye freti ya kwanza, mahali ambapo kosa la kizingiti huuma kuliko pengine popote. Ndiyo maana kodi hiyo inayokushinda ndiyo iliyonifanya nitilie shaka kizingiti.

Kupima huhitaji vifaa. Kadi ya benki isiyo na maandishi yaliyovimba ina unene wa milimita 0.76. Ukiwa umelikaza gitaa kwa sauti zake za kawaida, ilaze kadi juu ya freti ya kwanza na ujaribu kuipitisha chini ya uzi wa kwanza. Kadi isipopita bila kuuinua uzi, hiyo ni dalili njema. Ikipita kwa raha huku uzi umetulia, kizingiti chako kiko juu na hakuna mjadala. Kisha nenda freti ya 12, pale shingo inapokaribia mwili, ukaweke kadi tatu zilizopangana chini ya uzi mnene wa sita. Zikikaa karibu kugusa, una milimita 2.3 hivi, nacho ni kimo kizuri kwa gitaa la nyuzi za chuma; uzi wa kwanza unaweza kuwa chini zaidi, milimita 1.8 hivi. Kadi nne zikipita bila kusuguana, mfupa wa darajani unapaswa kupunguzwa. Na kama una kapo, yaani kile kibanio kinachofungwa shingoni kubana nyuzi zote kwa pamoja, lipo jaribio jepesi kuliko yote: ifunge kwenye freti ya kwanza kisha upige zilezile kodi zinazokushinda. Kapo inafanya kazi ya kizingiti kilicho sahihi, hivyo ukiona ghafla kila kitu kimelainika, umeshampata mwizi.

Kazi ya kuchonga mifereji ya kizingiti naomba usiifanye mwenyewe wala usimpe seremala. Inafanywa kwa tupa nyembamba zenye unene unaolingana na kila uzi, na ikizidi hata sehemu moja ya kumi ya milimita, uzi unaanza kulia ziii kila unapopigwa ukiwa wazi. Nilipokuwa kijana nilikiharibu kizingiti cha gitaa la mteja kwa haraka ya dakika tano, nikakesha nikichonga kingine kutoka mfupa wa ng'ombe, na fedha ya kazi ile sikuidai. Mfupa wa darajani ni mwepesi zaidi, kwa sababu hutolewa ukasuguliwa upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Kanuni yake ni kwamba ukitaka kimo kishuke milimita moja kwenye freti ya 12, unasugua milimita mbili darajani, kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi.

Haya, tuseme sasa gitaa limepimwa na kurekebishwa. Hapo ndipo suala la mkazo linapopata maana.

Mkazo wa uzi unategemea mambo matatu: uzito wa uzi wenyewe kwa kila sentimita, urefu wa sehemu inayotetema, na sauti unayoukazia. Uzito ukiongezeka maradufu, mkazo nao huongezeka maradufu. Lakini urefu na sauti huzidisha mkazo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo badiliko dogo la sauti huleta badiliko kubwa la mkazo kuliko mtu anavyotarajia. Ukishusha nyuzi zote kwa nusu toni, yaani hatua ya freti moja, mkazo hupungua kwa asilimia 11. Ukizishusha toni nzima, unapungua kwa asilimia 20 na ushei. Nakuomba uishike hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo jibu langu la kwanza kwako, na haina gharama.

Seti yako ya 12–53 iliyokazwa kawaida huvuta gitaa kwa jumla ya kilo 74 hivi. Seti ya namba 11, ambayo kwa kawaida huishia 52, huvuta kilo 69 hivi. Seti ya namba 10, inayoishia 47, huvuta kilo 60 hivi. Sasa, ukichukua hizohizo 12 zako ukazishusha toni nzima, ili uzi wa kwanza usiwe E bali D, jumla inashuka hadi kilo 59 hivi. Yaani unapata ulaini wa namba 10, lakini uzi uliopo chini ya kidole ni ule mzito, wenye chuma kingi, unaousukuma ubao wa mbele kwa kishindo zaidi na kutoa sauti ya chini yenye kifua. Umeniambia sauti yako ya kuimba ni ya chini. Basi bahati imekuangukia, kwa maana nyimbo nyingi zilizoandikwa Doh ni G zitakutoka vizuri zaidi zikiwa Doh ni F. Utashika kodi ya G kama ulivyojifunza, nayo itasikika F. Siku utakapopiga pamoja na kinanda au na gitaa lingine, funga kapo freti ya pili na umerudi kwenye sauti za kawaida bila kuongeza mkazo hata kidogo, na nyuzi zikiwa karibu na freti kuliko mwanzo. Mpiga kinanda asikutishe. Mwambie tu ufunguo halisi unaosikika, si ule unaoushika.

Mbinu hii ina kasoro zake. Nyuzi zilizolegezwa hucheza kwa upana zaidi zinapopigwa, hivyo kama kimo kimeshushwa mno zitagonga freti na kutoa mlio. Kwa anayepiga kwa piki na kwa nguvu, toni nzima ni nyingi. Kwa wewe unayepiga kwa nyama ya kidole, nadhani utaivumilia, na ikileta mlio panda nusu toni. Jambo jingine ni kwamba shingo ya gitaa imezoea kuvutwa na kilo 74. Ukiipunguzia 15 hujinyoosha, na ule mpindo mdogo sana unaotakiwa katikati yake unapotea, kisha freti za mwanzo zinaanza kulia. Dalili hiyo ikitokea baada ya siku moja au mbili, fundi atailegeza kwa robo mzunguko ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Ni kazi ya dakika mbili, usiogope kuiomba.

Sasa muuzaji wako na namba 10. Sikumbezi, kwani kidole kwa kweli kitahisi ulaini. Lakini mwanakwaya mwenzako naye ana hoja, hasa kwa gitaa kubwa kama lako. Kwa maelezo yako nadhani ni lile umbo la mabega mapana linaloitwa dreadnought, ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwanza mwaka 1916 na jina lake likatokana na manowari ya Waingereza. Lilitengenezwa kubwa makusudi ili liwe na kishindo, na tumbo kubwa namna hiyo linahitaji kusukumwa. Nyuzi za 10 zilizokazwa kawaida juu ya mwili ule mara nyingi hutoa sauti inayosikika juu tu, kama redio ndogo iliyowekwa ndani ya kabati kubwa. Kwenye gitaa dogo zaidi hali ni tofauti; huko nazipendekeza bila kusita.

Kuna hatari nyingine kwenye hizo 10 ambayo nimeikuta mara nyingi mno kuweza kuinyamazia. Dukani, ukiomba namba 10 bila kufafanua, unaweza kupewa 10–46 za gitaa la umeme. Uziangalie: uzi wa tatu wa seti ya umeme ni chuma kitupu kisicho na waya wa kuviringisha, na zile nene zimeviringishiwa nikeli yenye rangi ya fedha. Kwenye gitaa kavu zitasikika nyembamba, na uzi wa tatu hautakaa sawa na mwenzake popote, kwa sababu mfupa wa darajani umepindishwa kwa kutarajia uzi wa tatu ulioviringishwa. Nyuzi za gitaa kavu kwa kawaida huwa na rangi ya dhahabu au shaba kwenye zile nne nene, isipokuwa aina moja nitakayoitaja punde.

Na mtego wa tatu ndio mkubwa zaidi, kwa kuwa unaingia moja kwa moja kwenye maneno uliyotumia. Ukimwambia muuzaji unataka nyuzi zenye mkazo mdogo, atakwenda kwenye rafu akakuletea pakiti iliyoandikwa hivyo hasa kwa Kiingereza, low tension au light tension, na pakiti hiyo huenda ikawa ya nailoni. Nyuzi za nailoni za gitaa la klasiki ndizo zinazouzwa kwa viwango vya mkazo. Nyuzi za chuma huuzwa kwa unene. Nailoni kwa kawaida haina kile kipete cha shaba kwenye mwisho wake kinachoshikwa na vigingi vya daraja lako, hufungwa kwa fundo, na gitaa lako litaishia kuzitetemesha kwa sauti ya kunong'ona. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi na ninaliona kila mwaka: mtu ana gitaa la klasiki, uzi unakatika, anaweka seti ya chuma. Gitaa lile limejengwa kubeba kilo 40 hivi, na mara nyingi shingo yake haina fimbo ya chuma ndani. Linapobebeshwa kilo 74, daraja hung'oka au ubao wa mbele huvimba kama andazi. Wewe la kwako ni la chuma, lakini mwenzio akija kuazima pakiti yako, tafadhali angalia kwanza gitaa lake.

Nirudi kwenye nyuzi ambazo kwa kweli zilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Kwenye pakiti huandikwa Silk & Steel, hariri na chuma. Ndani yake mna kiini cha chuma, juu yake nyuzinyuzi laini zilizotandazwa kuzunguka kiini hicho, kisha juu kabisa waya wa shaba uliopakwa fedha. Kwa hiyo hizi ndizo nyuzi za gitaa kavu zenye rangi nyeupe nilizosema nitazitaja. Kiini kinapokuwa chembamba na nafasi yake ikajazwa na kitu kisicho kizito, uzi mzima unakuwa mwepesi, unapinda kwa urahisi chini ya kidole na mkazo unashuka sana bila unene kupungua sana. Uzi wa kwanza kwa kawaida ni 11 au karibu na hapo, yaani kilo 9 hivi badala ya 10.6.

Sauti yake ni ya upole. Hazina ule mng'aro wa kengele unaousikia kwenye nyuzi mpya za shaba, na ukipiga kwa nguvu hazikupi zaidi; zinafika mahali zikatulia. Kwa mtu anayeongoza uimbaji sebuleni kwa dole gumba na vidole viwili vitatu, upole huo ni faida, kwa sababu gitaa haligombani na sauti za watu. Mapigo ya dole gumba na kidole cha shahada, kama yale ya mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco wa Katanga ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, yanakaa vizuri kwenye nyuzi zinazojibu mguso mwepesi. Kwa anayecharaza rithim katikati ya kwaya ya watu 40 na ngoma mbili, nyuzi hizi ni kujidanganya. Na zina udhaifu wa mwili pia: waya wa juu ni laini, hivyo freti huzila mapema, na utaona vijidonda chini ya uzi wa nne na wa tatu kabla ya seti ya kawaida haijachoka.

Kama utaona zimepooza kupita kiasi kwa sikio lako, chaguo la pili ni namba 11 za phosphor bronze, ambazo ni aina ileile unayoitumia ikiwa nyembamba kidogo. Aina hiyo ililetwa sokoni na kampuni ya D'Addario mwaka 1974. Ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo na fosforasi kidogo zaidi, na sauti yake ina joto. Jirani yake dukani ni 80/20, ambayo hata ikiitwa shaba nyeusi (bronze) kwa mazoea ya biashara ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na inang'aa zaidi masikioni. Kwa sauti nene uliyoomba, 80/20 ziache. Na usiyaamini maneno ya pakiti kama mwepesi au mwepesi sana, maana seti nyingi zinazoitwa nyepesi kwa Kiingereza ndizo hizohizo 12 zinazokuumiza. Soma namba ya kwanza na ya mwisho.

Nyuzi za kiini cha mviringo, ambazo watengenezaji wachache huzitoa badala ya kiini cha pembe sita, nazo hupinda kwa urahisi. Hapa kwetu sijazizoea madukani, kwa hiyo sitakusumbua nazo.

Kwa kuwa uko Tanga, bahari inaingia kwenye hesabu. Hewa ya chumvi na jasho la vidole hula nyuzi mbili za mwanzo zisizoviringishwa, na uzi wenye kutu humkwaruza mwenye ngozi laini hata kama mkazo wake ni mdogo. Pitisha kidole chini ya uzi wako wa kwanza sasa hivi, upande unaoelekea freti. Ukihisi ukavu wa msasa, sehemu ya moto unaoulalamikia imetoka hapo. Zipanguse nyuzi kwa kitambaa cha pamba kila umalizapo kupiga, juu na chini. Zipo pia nyuzi zilizopakwa utando mwembamba, kama zile za Elixir. Zinateleza, hudumu muda mrefu zaidi pwani, na bei yake huwa ya juu kuliko za kawaida, lakini hesabu ni mara ngapi utabadilisha kwa mwaka. Unyevunyevu wa masika nao huvimbisha ubao wa mbele wa gitaa la mbao kamili na kuinua kimo cha nyuzi, kwa hiyo usishangae gitaa lililokuwa laini mwezi wa pili likawa gumu mwezi wa nne. Kama lako ni la mbao za tabaka, utaiona tofauti hiyo kwa uchache.

Neno moja kuhusu maumivu yenyewe. Kuwaka kwa ngozi ya ncha za vidole ni kwa kila anayeanza, na ukipiga kidogo kidogo kila siku, robo saa asubuhi na robo saa jioni badala ya saa nzima Jumamosi, ngozi hukomaa baada ya wiki chache. Lakini maumivu ya ndani ya kiungo, ya shina la dole gumba au ya kifundo cha mkono si ya kuzoea. Hayo yakikujia, acha kupiga, na yasipotulia muone daktari. Hakuna uzi wa kuyatibu. Mara nyingi huletwa na kubana shingo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Jaribu kubonyeza uzi huku ukilegeza polepole hadi sauti ianze kukwaruza, kisha rudisha nguvu kidogo tu; utashangaa ulikuwa unatumia maradufu. Na kidole kiwe karibu kabisa na freti, nyuma yake tu, si katikati ya nafasi.

Kwa hiyo mama, wiki hii usinunue chochote. Pima kwa kadi. Shusha nyuzi ulizo nazo toni nzima, uzikaze tena kesho yake kwa kuwa zitahamahama usiku wa kwanza, na upige hivyo siku saba. Kizingiti kikiwa juu, mpelekee fundi wa magitaa na umwambie maneno haya: nataka nikibana uzi kwenye freti ya tatu, pale juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya unene wa karatasi. Akikuelewa mara moja, umempata fundi. Akianza kukuuliza kwa nini, chukua gitaa lako mrudi wote nyumbani. Baada ya hapo, kama bado unataka ulaini zaidi, nunua seti moja ya hariri na chuma, uziweke moja baada ya nyingine, mpya ikikazwa ndipo ya zamani inayofuata itoke, ili shingo isiachwe bila mzigo. Zikazie kwanza E ya kawaida. Ukizishusha toni nzima hizo nazo, zitakuwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Ukishapima niandikie mambo matatu: kama kadi ilipita freti ya kwanza, ni kadi ngapi zilizokaa freti ya 12, na urefu kutoka kizingiti hadi freti ya 12 kwa milimita. Urefu huo ukiuzidisha mara mbili na ukapata karibu 630 badala ya 645, gitaa lako ni la shingo fupi, mkazo wake tayari ni mdogo kwa asilimia 4 au 5 hivi, na hapo ushauri wangu kuhusu toni nzima nitaubadilisha uwe nusu toni.